Bi Kona na Ukumbi Mtupu

Kiti cha kona, kando ya kabati la chuma katika chumba cha ushauri, hakikaliwi siku hizi. Hakuna aliyekataza. Wanafunzi wanaingia, wanakitupia jicho, kisha wanavuta vingine. Hata mratibu wa chumba, mama mwenye ulimi mwepesi asiyeacha kitu kipite bila utani, akikifikia hupunguza sauti.

Aliyekuwa akikikalia walimwita Bi Kona. Alisomea kemia, mwaka wa tatu, na alikuwa na usonji kama wengi waliofika pale. Kazi ya chumba kile ilikuwa moja: mwenye usonji aliyekwisha kukizoea chuo amshike mgeni mwenzake, amwonyeshe pa kupita. Bi Kona alipewa binti wa mwaka wa kwanza waliyemwita Nyuki, kwa kuwa alivuma chini kwa chini kila woga ulipompanda.

"Nyie wawili mkikaa pamoja," mratibu aliwachokoza, "ukuta ndio unaanza mazungumzo."

"Ukuta hauna mdomo, mama," Nyuki alimjibu, uso mkavu. Bi Kona akacheka kwa niaba ya wote wawili.

Lakini kicheko hakikukaa. Muhula uliotangulia Nyuki alifika kwenye mlango wa ukumbi wa mtihani, akaona umati, akasikia viti vikiburutwa, akageuka na kutimua mbio hadi barabarani, katikati ya magari. Dereva wa lori alikanyaga breki mpaka matairi yakalia. Sasa mtihani ule alikuwa akiurudia, na akiukosa tena, chuo basi. Bi Kona aliibeba hofu hiyo kama mtu aliyebeba beseni la maji ya moto kifuani. Kila hatua aliogopa yasimwagike.

Njia yake ilikuwa kuzoea mahali pakiwa patupu. Mchana, masomo yakiisha, walipita mlango wa nyuma wa ukumbi wa mtihani. Nyuki alikaa kwenye kiti kilekile. Walisikiliza feni inavyokwaruza. Walinusa vanishi ya meza. Walirudia na kurudia mpaka siku moja Nyuki akakaa pale bila kuvuma hata kidogo.

"Hiki ndicho kiti chako," Bi Kona alimwambia. "Ingia mapema, kabla ya watu. Na jioni ya kuamkia mtihani zima simu. Wanafunzi hutishana bure."

"Nizime kabisa, dada?"

"Kabisa. Hata mimi nitazima yangu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Jioni hiyo chuo kilituma ujumbe: mchwa wamelila paa la ukumbi, dawa itapulizwa asubuhi, mtihani umehamishiwa jengo la sheria. Bi Kona alipowasha simu asubuhi, kabla hajausoma, mratibu akapiga.

"Mwanangu, karatasi zimeshagawiwa huku jengo la sheria. Nyuki hayupo. Umemwona?"

Macho ya Bi Kona yalikimbilia kwanza barabarani. Kisha akaelewa, na kuelewa kukamtisha kuliko barabara. Nyuki hakukimbia popote. Nyuki alikuwa ametii.

Bi Kona alikwenda mbio. Mbele ya ukumbi palikuwa pameegeshwa gari la wapuliza dawa. Mashine ilinguruma, na wanaume waliofunika nyuso walikuwa wameingiza mpira wa dawa kwenye mlango mkubwa. Harufu ilimpiga Bi Kona kooni kama kofi.

"Dada, rudi nyuma!" mmoja alipiga kelele. "Haya siyo marashi!"

Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Tangu utotoni, hofu ikizidi, maneno humkauka, na hakuna aliyewahi kumwahidi kwamba yatarudi kwa wakati. Aliwaza: anakufa humo ndani, na mimi sina sauti. Akajitupa juu ya ule mpira, akaukumbatia, akauvuta nje kwa nguvu zake zote.

"Huyu vipi tena? Una wazimu wewe?"

"Mwache," alisema mkubwa wao. Alikuwa ameuona mkono wa Bi Kona, kidole kimeelekea ndani. Akazima mashine.

Ndipo wote wakasikia. Kutoka gizani, mbali, mvumo mwembamba usiokatika.

"Jamani," alisema mkubwa, akishusha barakoa. "Kuna mtu humu!"

Bi Kona alishapita mlango wa nyuma. Nyuki alikuwa kwenye kiti chake, macho yamemwiva kwa dawa, kalamu zimepangwa mbele yake.

"Dada," alisema kati ya kikohozi, "watu wamechelewa."

Bi Kona alimpa ncha ya mtandio wake aishike, kwa sababu Nyuki hakupenda kuguswa, wakatoka hivyo hadi kwenye hewa. Walipokaa chini ya bomba la bustani, maji yakimtiririka Nyuki usoni, sauti ya Bi Kona ikarudi.

"Nilikufundisha mlango mmoja tu. Nimekosea."

Nyuki alifikiri kwa makini. "Ungenifundisha mingapi?"

Swali lile Bi Kona alilala nalo na kuamka nalo. Nyuki alipona macho, akapewa mtihani mwingine ofisini kwa mratibu, akafaulu vizuri. Furaha ya wengine haikumfikia Bi Kona. Hakuzima simu tena. Alikuwa akisimama nje ya majengo akikagua mabango, akifuata kwa macho kila binti aliyetembea peke yake. Mratibu alipomletea mgeni mwingine, alitikisa kichwa.

"Mama, nikimwambia mtu kitu, anakishika. Naogopa nitakachosema."

"Usiposema je, mwanangu?"

"Hilo nalo naliogopa."

Alibaki kwenye kiti cha kona mpaka Nyuki alipoingia mwaka wa pili, kisha yeye mwenyewe akahitimu. Siku hizi yuko upande wa pili wa mji, katika maabara ya kupimia maji ya bomba, chumba cha mwisho, zamu ya asubuhi, mahali asipomwelekeza mtu yeyote.