Mashine Yangu Mgongoni mwa Mwasi

Andika, Zuhura, wala usipunguze neno, hata lile linalomwaibisha babu yako.

Mikorosho yangu hapa Mtua ilikuwa imechanua, na mashine ya kupulizia salfa haikuonekana ghalani. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiri unga ungeyala maua yote, nasi tungekosa mavuno ya mwaka mzima. Nikawatuhumu majirani, mmoja baada ya mwingine.

Alasiri moja nilipita kwenye kibanda cha video, mahali nilipowakataza ninyi nyote kukanyaga. Ilionyeshwa filamu ya askari walioasi wakubwa wao. Mmoja wao alikuwa amebeba mtungi mgongoni na kushika bomba refu. Nikaingia kwa kishindo.

"Mashine yangu ile! Kumbe wezi ni wanajeshi!"

Nikamwita mtendaji wa kijiji aje ashuhudie. Akaamuru kipande kile kirudiwe, na watu wakajaa mpaka mlangoni. Safari hii askari alielekeza bomba mbele, moto ukaruka, ukateketeza ngome nzima.

"Mzee," mtendaji akauliza kwa upole, "salfa yako hutoka hivyo?"

Kabla sijajibu, shemeji yangu wa Mandawa alipenya katikati ya watu, mashine yangu ikiwa mgongoni mwake.

"Shemeji, nimekukosa nyumbani. Mashine uliniazimisha mwenyewe kwenye harusi ya binti yangu. Au pilau ilikusahaulisha?"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mimi nilishusha pumzi, nikaikumbatia mashine yangu mbele yao wote.