Ekari Iliyomeza Mabomba Saba

Jumamosi tarehe 27 Januari 2024, Xaveria Margwe alipuliza mabomba matano ya maji matupu kwenye ekari moja ya shamba lake, Singe, pembezoni mwa mji wa Babati. Tarehe hiyo, hesabu hiyo na sekunde alizotumia kwa mstari mmoja aliziandika kwa kalamu ya wino kwenye mlango wa stoo, na bado zinasomeka.

Waliopita njiani walidhani anamwagilia. Mmoja alimuuliza kama mvua ya Mungu haikumtosha. Xaveria alicheka, akaendelea. Alikuwa anapima miguu yake. Lebo ya dawa ya kuua magugu ya majani mapana hutaja kiasi cha dawa kwa ekari, lakini haijui aliyebeba bomba anatembea kwa kasi gani. Anayekokota miguu huacha dawa nyingi nyuma yake, mwenye haraka huacha kidogo. Ndiyo maana mpuliziaji hujaza bomba la lita kumi na sita kwa maji, hupuliza ekari aliyoipima, huhesabu mabomba yaliyokwisha, kisha huigawa dawa ya ekari kwa hesabu hiyo. Yake ilikuwa matano. Mwingine angepata manne au sita, na asiwe amekosea.

Xaveria ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Dareda, akaolewa Singe. Kupulizia mashamba ya watu alianza misimu mitatu iliyopita, baada ya mafunzo ya siku mbili. Mwanzoni wanaume walimtania kwamba bomba litambeba yeye. Siku hizi wanamwita, ingawa wanalalamika kuwa ana maswali mengi kuliko karani wa sensa. Humo ndani mna maharage? Mbaazi je? Wengi hapa huchanganya mahindi na mbaazi, na dawa hii haijui tofauti ya mbaazi na mchicha pori. Kwake yote ni majani mapana. Mahindi ni ndugu wa nyasi, huyaacha salama, ilimradi hayajarefuka na dawa haikuzidi. Na jirani wa upande ule kapanda nini? Alizeti? Basi tusubiri asubuhi ambayo upepo hauelekei kwake.

Hutoka nyumbani kabla ya saa moja, amevaa gambuti, suruali nje ya gambuti ili matone yasiingie ndani, shati la mikono mirefu, glavu, miwani na barakoa. Migomba ikianza kutikisika, huacha kazi hata kama imebaki mistari mitatu. Bomba hulisuuza mara tatu, mara moja kwa sabuni, na maji ya kusuuzia huyapuliza ndani ya shamba hilohilo. Hayamwagi mferejini, maana mfereji unaishia ziwani.

Kwa hiyo Ijumaa tarehe 16 Februari, shambani kwa Antonia, ambaye wote humwita Mama Edda, kila kitu kilikuwa kama kinavyopaswa kuwa. Kilichomshangaza Xaveria ni kimoja tu. Bomba la tano liliisha, na robo nzima ya shamba ilikuwa haijaguswa.

"Mama Edda, hii ekari yako ni kubwa kuliko unavyosema."

"Na ikue tu, mwanangu. Kuna mtu atalia?"

Mashamba ya urithi hukadiriwa kwa jicho, na Xaveria ameshakutana na ekari za kila umbo. Akachanganya bomba la sita, kisha la saba, kila moja kwa kipimo kilekile. Akamaliza, akasuuza, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi Mama Edda alimkuta anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, Mama Edda."

"Marahaba. Ukimaliza kukamua njoo uyaone mahindi yangu. Yamelewa."

Yalikuwa yamelewa kweli. Mistari mizima ilikuwa imeinamia upande mmoja, na majani mapya yalijiviringisha yakasimama kama ya kitunguu. Magugu yalikuwa yamejikunja na kunyauka vizuri sana. Xaveria alichuchumaa, akagusa bua moja kwa kidole. Likavunjika kama kijiti kikavu.

Shamba hilo ndilo unga wa nyumba yenye watu saba. Zaidi ya hapo, kaya sita zilikuwa zinamsubiri, na mahindi yao yalikuwa na siku chache tu kabla ya kuvuka magoti, kimo ambacho baada yake hakubali kupulizia. Mchana ule alizipigia kaya zote sita simu, akaziambia kwamba hatabeba bomba mpaka ajue ni nini kimetokea. Akikosa kujua, warudi kwenye jembe na wasimwite tena.

Clemence wa Nakwa, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, hakupendezwa.

"Dada Xaveria, mahindi yangu hayangoji upelelezi. Wewe puliza, mengine tutayajua mbele ya safari."

"Mbele ya safari ndipo alipo Mama Edda sasa hivi," Xaveria alisema, akakata simu.

Jumanne alirudi na kamba. Alianza na alichokishuku zaidi, yaani ukubwa wa shamba. Alipima kingo nne, akarudia. Hatua sabini kwa sabini. Ekari moja, si zaidi. Basi mabomba mawili ya ziada yalikwenda wapi? Akafikiria nozeli: tundu likilika, hutoa maji mengi. Akapulizia ndani ya jagi kwa dakika moja. Maji yalifika kwenye alama ileile aliyoichora Januari. Akasoma lebo upya, akalinganisha na chupa ya mwaka jana iliyokuwa stoo, imetobolewa, ikisubiri kurudishwa dukani. Dawa ileile, kiasi kilekile. Shamba halina kosa, bomba halina kosa, dawa haina kosa. Usiku alilala akihesabu mabomba.

Jumatano alikuja Nestory, afisa ugani, kwa pikipiki. Aliyatazama mahindi kwa muda mrefu, hadi Mama Edda akamuuliza kama anayasomea misa.

"Yatasimama mengi," alisema hatimaye. "Angalia hapa, jani la katikati linatoka sawa. Ila mabua ni dhaifu kwa wiki nzima. Asiingie mtu na jembe, wala ng'ombe. Na upepo usije. Dawa ilizidi, na lile joto baada ya mvua limeongezea."

"Ilizidi vipi?" Xaveria aliuliza. "Hilo ndilo ninalotaka."

"Mabomba saba penye matano. Ulitembea polepole."

"Mimi? Mwendo wangu uko mlangoni kwa stoo, umeandikwa!"

Nestory akatoa simu, akafungua saa ya kuhesabu sekunde. Kando ya shamba kulikuwa na njia ya ng'ombe. Walipima hatua sabini, Xaveria akajitwika bomba lililojaa maji, akavaa kila kitu, akaenda. Sekunde sitini na sita. Mwendo wa Januari kabisa. Nestory akakuna kichwa.

Mama Edda alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Hivyo sivyo ulivyotembea," alisema.

"Nilitembeaje?"

"Sijui. Lakini siku ile ulikuwa unaimba."

"Mimi naimba siku zote nikipuliza, Mama Edda. Mbona si jambo geni?"

"Basi imba. Na uimbe uleule, ule wa kuliza watu."

Xaveria huimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango, na ndani ya barakoa wimbo humtoka puani bila yeye kuuita. Januari ulikuwa wimbo wa matoleo, wenye ngoma na kigelegele, ambao huwezi kuuimba umesimama wima. Lakini tarehe 14 Februari ilikuwa Jumatano ya Majivu. Ngoma zilifungiwa, na Alhamisi jioni kwaya ilifanya mazoezi ya nyimbo za Kwaresima, ndefu na za kuvuta. Asubuhi iliyofuata alikuwa kwa Mama Edda.

Alisimama mwanzo wa njia, akatafuta sauti yake, akaanza. Mguu ulingoja neno, neno lilingoja pumzi. Mkono wa kushoto uliendelea kupampu kwa mazoea, wala haukuufuata wimbo, kwa hiyo maji yalitoka kwa nguvu ileile. Alipofika mwisho, Nestory alimgeuzia simu. Sekunde tisini na mbili.

Xaveria alichukua kijiti, akapiga hesabu kwenye vumbi: tisini na mbili kwa sitini na sita, mara matano. Ikaja karibu saba.

"Kumbe ni Kwaresima," alisema.

"Kwenye mafunzo tunafundisha nozeli, upepo, kimo cha kushika mpini," Nestory alisema. "Kwaresima hatukuiandika."

"Padri asisikie," alisema Mama Edda. "Atadhani tumemshitaki."

Kicheko cha Xaveria kilikuwa kifupi. Alitaka kujua zaidi. Je, akinyamaza? Walirudia mara nne akiwa kimya. Sekunde sitini na moja, sabini na nne, sitini na nane, themanini. Bila wimbo miguu yake haikuwa na kasi moja. Ilitegemea anafikiri nini. Akajaribu wimbo wa matoleo mara nne: sitini na tano, sitini na sita, sitini na sita, sitini na saba. Wimbo haukuwa kosa, basi. Kosa lilikuwa kudhani kipimo cha mwezi mmoja kinafaa mwezi mwingine.

Alhamisi upepo ulivuma kutoka upande wa mlima. Xaveria aliusikia akiwa jikoni, akaacha sufuria, akaenda. Yeye na Mama Edda walisimama kwenye kingo bila kuingia, na ulipotulia walihesabu kutoka nje: mabua arobaini na matatu chini, karibu yote kwenye mistari ya pembeni. Mengine yalishikilia. Jumamosi mashina yalikuwa yameanza kujinyoosha, na majani ya kitunguu yakafunguka moja moja.

"Kwa haya yaliyobaki nakusamehe," Mama Edda alimwambia. "Lakini mwakani mabomba nahesabu mimi."

"Hesabu, mama. Na likipita la tano, nizuie."

Xaveria ameongeza kazi moja kabla ya kufungua chupa: mstari mmoja wa maji matupu kila asubuhi, kwa wimbo atakaoutumia siku hiyo, simu ikiwa mkononi mwa mwenye shamba. Sekunde zikitofautiana na za mlangoni, hugawa dawa upya au hubadili wimbo.

Jumatatu tarehe 26 Februari, saa moja asubuhi, ataanza na shamba la Clemence, Nakwa, kama upepo utakuwa umetulia. Mengine manne yatafuata wiki hiyohiyo. La sita mahindi yake yameshavuka magoti. Hilo litapaliliwa kwa jembe.