Vifungo Vinne vya Mwanasesere

Nilikuwa na miaka saba nilipoangukia jikoni, kwenye moto. Kidonda kilipopona, vidole vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vimejikunja na kugoma kufunguka. Baba yangu, mvuvi wa Ikola, alinipeleka Mpanda kwa lori la samaki, akaniacha hospitali ya misheni. Alisema angerudi baada ya mwezi mmoja. Mvua zikaanza, barabara ikakatika.

Dirisha la wodi lilikuwa na wavu wa chuma. Hapo niliwaona wachimbaji wakienda mgodini asubuhi na kurudi jioni, nami nikiwa palepale.

Kila siku sista wa Kizungu aliyetuuguza alinijia na kapu la vichezeo. Ndani yake mlikuwa na mbegu za kutunga kwenye uzi, gari la mbao la kuvuta kwa kamba, na mwanasesere wa kitambaa aliyevaa gauni la vifungo vinne. Kabla ya kuanza mazoezi ya vidole aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kanga, usije ukasaidia. Mbegu ziliniponyoka, zikabingirika chini ya vitanda, nikazifuata kwa magoti. Watoto waliokuja kuona wagonjwa walinionea wivu. Mimi niliyachukia yale mavitu kuliko dawa.

"Ukimvua huyu na kumvika mwenyewe, utakwenda kwenu," sista aliniambia.

Siku moja nilimtupa mwanasesere ukutani. Sista alimwokota, akampangusa vumbi, akanirudishia mapajani bila kunigombeza. Akanieleza kwamba yeye naye hajamwona mama yake tangu apande meli kuja huku, miaka mingi iliyopita. Nadhani alitaka kunifariji. Mimi nilichoelewa ni kwamba mtu anaweza kubaki humo mpaka azeeke. Nililia hadi chakula cha mchana kikapoa.

Kifungo cha nne kilipoingia tunduni, nilifunga mzigo wangu nikakaa kitandani kusubiri. Hakuna aliyekuja. Sista alisema barabara bado haipitiki, na kesho yake akaniletea kapu lilelile.

Baba alikuja kiangazi. Vidole vitatu vilikuwa vimefunguka, viwili havikufunguka tena.

Nyumbani mama hakuniruhusu kusogelea moto, maji wala kisu. Alinikalisha mlangoni, nikawatazama wenzangu wakianika dagaa mchangani. Nilipomwomba nikawasaidie, alisema nimeshaumia vya kutosha. Hivyo nilitoka wodini nikaingia kizingitini, na hapo nilikaa majuma mengi.

Asubuhi moja alipokwenda kuteka maji, niliteremka ufukweni nikaanza kugeuza dagaa wetu kwa mkono uleule wa kulia. Nilipoinua macho alikuwa amesimama nyuma yangu, ndoo kichwani. Sijui alikuwa amenitazama kwa muda gani. Nikangoja anirudishe mlangoni.

"Wale wa pembeni hujawageuza," alisema, akapita.