Nilijifanya Mkazi wa Tezo, Nikaiua Maktaba Yao

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa lenyewe lingali linatembea.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha mapema, lakini kusoma sikuacha. Kila mji niliofika nilitafuta chumba cha vitabu cha bure. Kilifi nilikipata Kibarani: chumba kidogo cha kaunti, chenye feni moja na vitabu vinavyonuka chumvi. Karibu yote niyajuayo nimeyaokota kwenye vyumba kama hicho.

Dalali mmoja wa ardhi akanisikia nikibishana na watu barazani, akanipenda ulimi. Akaniambia Tezo, mji wa jirani, kuna mkutano wa wananchi kutoa maoni ya bajeti ya kaunti. Kaunti ilitaka kujenga tawi la maktaba kwenye kiwanja cha umma. Kazi yangu ilikuwa kusimama kama mwenyeji na kusema watu hawaitaki. Ningepata sahani ya pilau, na ningesikilizwa. Kusikilizwa ndiko kulikoniponza!

Bi Kadzo, mwalimu mstaafu, alisema kwanza. Alieleza kuwa watoto husomea kibarazani kwake, na mvua ikija vitabu hulowa.

Nami nikainuka. "Sisi wakazi wa Tezo tunataka maji. Kitabu hakinyweki."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Bi Kadzo alinigeukia taratibu.

"Mwanangu, kwenu ni wapi hapa Tezo? Jirani yako nani?"

"Bondeni huko, mama."

Wakacheka tena, na swali la jirani likapotelea humo.

Fedha za maktaba zikahamishiwa kisima. Kisima hakikuchimbwa. Kiwanja kilizungushiwa mabati, na langoni pana mlinzi asiyeitikia salamu.

Nilidhani yameishia huko. Kumbe! Mwaka huu mkutano uliitishwa Kibarani, nasi wasomaji tukaomba chumba chetu kipanuliwe. Akasimama mtu nisiyewahi kumwona.

"Sisi wakazi wa Kibarani tunataka maji. Kitabu hakinyweki."

Maneno yangu, neno kwa neno! Nikatazama nyuma, nikamwona dalali ameketi, anatafuna kashata.

Niliinuka kumpinga yule mtu. Dalali akauliza kwa upole, "Samahani ndugu yangu, wewe kwenu ni wapi?"

Sina nyumba, wala jirani wa kunishuhudia. Mwenyekiti akaniomba niketi.

Sasa hata chumba tulichokuwa nacho kimefungwa. Jana nilipita nikakuta mabati mapya yameegemezwa ukutani. Nasikia mkutano ujao ni Takaungu, na wakazi wa kusema wameshapatikana. Hakuna hata mmoja anayetoka Takaungu.

Wewe unayesoma, ukiitwa ukaseme kwa niaba ya mji usio wako, kula kwako ulale. Na akisimama mgeni mkutanoni kwenu akasema "sisi", muulizeni jirani yake ni nani. Msicheke kabla hajajibu.