«No» ya Kwetu ao ya Kwao

Masomo yale ya Kiingereza cha biashara yalinigharimu debe moja la mafuta ya mawese, viti viwili ambavyo havikurudi kutoka parokiani, na mume. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na jumla imetoka ileile. Kalkulatrice, kile kimashine changu cha kuhesabia, ilibaki. Iko hapa mezani ninapoandika na bado inafanya kazi, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya vitu vingi tulivyokuwa navyo Likasi miaka ile.

Nilikuwa nauza mafuta na unga katika soko la Kikula. Mume wangu alikuwa fundi kiwandani Shituru, wa kufunga upya nyaya za mota zilizoungua. Mtoto tulikuwa hatujapata. Mshahara wake ulianza kwa kuchelewa, ukaendelea kwa kuja vipandevipande, halafu ukawa habari tu. Yeye aliendelea kwenda kazini kila asubuhi. Nilipomuuliza anakwenda kufanya nini, alinijibu kwamba mota haijui kama fundi hajalipwa. Kwa maneno ya namna hiyo nilimpenda, na kwa maneno ya namna hiyo tulilala njaa.

Waliokuwa wakivuka mpaka kwenda Zambia walirudi na habari kwamba kule fundi wa mota anatafutwa, ila awe anajua Kiingereza. Mimi mpakani nilikuwa ninafika kununua unga, na Kiingereza sikuwa nacho. Nilikuwa na kalkulatrice. Biashara ya pale ilifanyika bila kufungua mdomo: mwenye mali anaandika bei kwenye kalkulatrice, anakupa. Wewe unacheka, unafuta, unaandika ya kwako, unamrudishia. Anashika kifua kama mtu anayekata roho. Mnaendelea hivyo mpaka mmoja achoke. Niliamini kwamba lugha ni hiyo, mengine ni mapambo.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni jirani yetu, mwalimu wa sekondari, ambaye wote tulimwita Madame. Naye serikali ilikuwa imemsahau, kwa hiyo alifungua darasa la alasiri katika chumba cha parokia. Nilikwenda kujadiliana naye bei ya kumfundisha mume wangu. Alitaka madebe mawili ya mafuta na viti. Tulimalizia kwa debe moja, viti viwili, na mimi niingie bure, kwa sababu alisema mwanamke anayebishania bei hivi ni kifaa cha kufundishia, hawezi kukiacha nje.

Vitabu hakuwa navyo. Alikuwa na simu ya ofisini iliyokatwa waya, na redio-kaseti ambayo betri zake tulizianika juani ili zitoe nguvu yao ya mwisho. Alipoiona kalkulatrice yangu akaiomba. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa unapita juu ya vichwa vyetu ukienda zake, kama tajiri asiyesalimia, lakini kalkulatrice ile ilikunywa jua tu, haikumtegemea mtu. Madame alitupanga wawiliwawili, muuzaji na mnunuzi. Unaandika bei, unamwonyesha mwenzako. Halafu Madame anakuja kwa nyuma, anaweka kidole gumba juu ya kile kijicho cheusi kinachopokea mwanga. Tarakimu zinafifia, zinakwisha. Bei usiyoisema kwa mdomo, kwa Kiingereza, haipo tena.

Mwanzoni nilimchukia. Baadaye nikajikuta ninabishana bei kwa Kiingereza ndotoni, na hata humo sikupunguza. Kisha bei za mjini zikapanda mpaka kalkulatrice ikakosa nafasi ya kuziandika, ikawa inatoa herufi E peke yake. Madame akasema vizuri, sasa hamna pa kujificha.

Mume wangu alishika kila kitu haraka: majina ya vyuma, hesabu, namna ya kutaja mshahara na kunyamaza. Kunyamaza nilimfundisha mimi. Nilimwambia ukitaja bei, funga mdomo, anayeongea wa kwanza ndiye anayelipa. Na ukiulizwa swali gumu, rudisha swali. Kitu kimoja tu kilimshinda, na kilitushinda sote: swali lenye «si» ao «hauko» ndani yake.

Madame alimgeukia mama mmoja muuza samaki, akamuuliza, «Hauko na samaki?» Kweli hakuwa nao, akajibu kama sisi wote tunavyojibu: «Ndiyo.» Ndiyo, sina. Madame akatikisa kichwa. Akasema Mwingereza hajibu swali, anajibu kitu. Kitu kiko, Yes. Kitu hakiko, No. Hata uulizwe namna gani.

Mume wangu akanyoosha mkono. «Lakini Madame, muntu akiniuliza kama siko na pesa, na kweli siko nayo, ni kusema iko na haki. Nitamukatalia juu ya nini?»

«Haumukatalie yeye. Unakatala pesa.»

«Pesa tayari ilishanikatala, Madame. Minye tena niikatale?»

Darasa lilicheka mpaka padri akachungulia. Madame alirudia somo lile wiki nzima. Akamuuliza hauko na mota, hauko na shati, hauko na bibi, yaani mke. Kwa swali la mwisho mume wangu alijibu kwa sauti kubwa, «No!», kisha akanielekeza kidole: si huyu hapa? Kwa lugha yetu alikuwa na haki. Hapana, usiseme sina, ninaye. Kwa lugha yao alikuwa amenifuta. Madame alikuja na kidole gumba, akakiweka juu ya paji la uso wangu, kana kwamba ananizima. Tulicheka tena, na mimi nilicheka zaidi ya wote.

Ndugu mmoja wa parokia aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, Zambia, akamtafutia mume wangu tajiri mwenye karakana ya mota, na tajiri akakubali kumsikia kwa foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Mfanyabiashara mmoja wa Kikula alikuwa nayo, akitoza kwa dakika. Tulikwenda asubuhi. Mume wangu alivaa shati la misa, ingawa nilimwambia foni haina macho. Alikaa mbele ya mashine, mimi nikasimama nyuma yake, mkono juu ya kiti. Kwenye foni hakuna siri: sauti ya ng'ambo inatoka kwenye spika, chumba kizima kinasikia.

Alijibu vizuri. Miaka ya kazi, aina za mota, ukubwa wa waya. Walipofika kwenye mshahara akataja kiasi tulichokubaliana, akaachia kitufe, akanyamaza. Spika ikakoroma. Tajiri akataja chake, cha chini, kisha akapanda kidogo. Nilimbana bega: usiseme. Tajiri akapanda tena. Nilitaka kuimba. Wakati huohuo nilikuwa namchunga mwenye foni, maana alikuwa anatazama saa yake kwa jicho la mtu anayeongeza dakika.

Ndipo tajiri akauliza neno la mwisho, kama mtu anayefunga mlango. Huna mke?

Mume wangu akabonyeza kitufe. «No,» akasema. Akaachia.

Vizuri, tajiri akasema, nina kitanda kimoja, njoo kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi nilikuwa tayari nimeanza vita na mwenye foni juu ya dakika. Nilishinda moja. Neno lile lilinifikia tulipokuwa nje, kwenye jua, kama mtu anavyohisi mwiba baada ya kuvua kiatu.

«Ile No yako,» nikamwambia, «ilikuwa ya kwetu ao ya kwao?»

Alikuwa anakunja mikono ya shati lake la misa, polepole, kwanza mmoja, kisha mwingine.

«Weye uliisikia namna gani?»

Nilicheka. Swali limerudishwa, na aliyemfundisha kulirudisha ni mimi. Nikasema tutaliona mbele ya safari, kwanza kazi. Usiku ule tulikula bukari, ugali wa kwetu, na nyama, na hatukulitaja tena. Alipopanda lori la kwenda mpakani alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho. Nimekipima kitendo hicho pande zote. Kinaweza kuwa kwaheri ya mtu atakayerudi. Kinaweza kuwa ile nyingine.

Mwanzoni alituma salamu kwa wapita njia, na sabuni. Halafu salamu bila sabuni. Halafu kimya. Nilitaka kumuuliza Madame, lakini zamani zile ndipo watu wa asili ya Kasai walipoambiwa hapa si kwao, na Madame, naye wa asili hiyo ingawa alizaliwa Likasi kama mimi, alikaa na mizigo yake pale stesheni pamoja na maelfu, akingoja treni. Nilimpelekea unga. Alikuwa anawafundisha watoto wa stesheni kuhesabu kwa Kiingereza. Kumuuliza mtu kama yeye, siku ile, juu ya neno moja la herufi mbili, mdomo ulikataa. Treni ikamchukua.

Baada ya misimu miwili ya mvua dereva mmoja alisimamisha lori sokoni na kuuliza watu mpaka akafika kwenye meza yangu. Alikuwa na kifurushi. Alinitazama vizuri, akatabasamu kwa heshima.

«Weye njo dada yake, yule fundi wa mota?»

Wenzangu wa meza za jirani waligeuka wote. Nilitazama kifurushi. Kilikuwa kimeandikiwa dada. Kama ningesema mimi ni bibi yake, dereva mwaminifu angekirudisha kilikotoka.

«Njo minye,» nikasema.

Ndani kulikuwa na kitenge na pesa kidogo. Nilizihesabu mara mbili mbele ya dereva, kwa mazoea. Mimi ambaye sijawahi kununua hata fungu la nyanya bila kubisha, nilimtoa mume wangu kwa kitenge kimoja na sikujadili bei. Dereva akasema nyumbani kwa fundi hawajambo wote. Neno «wote» nililisikia vizuri. Sikulirudishia swali.

Wengine hapa wamenipa jibu lao zamani. Mama yangu alisema mwanaume ni mwanaume, kwa lugha yoyote. Padri anasema ndoa ipo, ningoje. Lakini hao hawakukaa darasani. Labda alijibu kwa lugha yetu, akiwa na maana: hapana, mke ninaye, yuko nyuma yangu, ameshika kiti. Tajiri akasikia kwa lugha yake, na uongo ambao hakuusema ukampa kitanda, akaogopa kuurekebisha, ukamlea mpaka ukawa nyumba. Huyo ningemsamehe. Au labda siku ile somo lilikuwa limeingia, na No yake ilikuwa ya kwao.

Madame, kama uko hai huko Kasai na maandishi haya yakikufikia, sitaki urudishe debe la mafuta, wala viti. Nipe shauri tu, wewe uliyemsikia kila alasiri. Alijibu haraka, bila kufikiri, na sauti haikutetemeka. Mwanafunzi wako akijibu hivyo, nikuulize: somo lilikuwa limeingia, ao halijaingia?