Radhi ya Kurudi Kwenye Barafu

Mwaka ule tulikula Idi bila shuwa, nyama ya kufukiwa shimoni. Watu walikatazwa kukusanyika kwa maradhi, shimo la ukoo la kuchomea nyama halikutiwa moto, kila nyumba ikajikalia na kuku wake wa friza. Viwanja vya ndege vilipofunguliwa, mjukuu wangu akaja kwangu Hail, hapa Omani, kutoka Kanada, kavaa miwani myeusi mpaka ndani.

Mtoto wa binti yangu huyu. Kazaliwa huko, na huko kajulikana kwa mchezo wa mawe. Mmoja anasukuma jiwe zito juu ya barafu, wenzake wanatangulia mbele wakisugua kwa mafagio ili lifike mbali. Yeye alikuwa wa ufagio. Jirani yangu akinikera: "Kanada kote huko, kenda kufagia?" Namjibu: "Wako kafagia wapi akavishwa medali?" Mie sikusoma, lakini medali zake nnazijua moja moja kwa rangi ya utepe.

Kila safari yake nilisimama mlangoni nikainua msahafu, akapita chini yake, nikampa radhi zangu. Safari iliyopita alikuwa keshaanguka mara mbili, kichwa kikapiga barafu. Mama yake akanambia nimzuie. Nikaona haya, bingwa wangu akae kitako, watu wasemeje? Nikainua msahafu. Akenda, akaanguka mara ya tatu. Nikaletewa video kwenye simu, miguu juu, ufagio kule. Nikacheka, wallahi nilicheka, nikawatumia jamaa wote.

Sasa nnaye hapa. Blenda ikilia anatapika. Anatia chumvi kwenye mchuzi, anasahau, anatia tena. Siku moja nilimkuta kasimama stoo, analia, anatafuta choo cha nyumba aliyoijua tangu mdogo.

Baada ya wiki sita akaja akakaa miguuni pangu.

"Bibi, timu wamenishikia nafasi yangu. Nnaondoka Alkhamisi."

"Daktari kasemaje?"

"Daktari hachezi."

"Na mie sichezi. Kasemaje?"

"Kasema nikianguka tena, huenda nisijue hata jina langu." Akainama. "Lakini nimeanza nna miaka tisa, Bibi. Nikiacha, mie nani?"

"Mjukuu wangu."

"Hiyo si kazi."

Lilinichoma.

Alkhamisi akaburura sanduku mpaka mlangoni, akainamisha kichwa kama ada yake. Msahafu ulikuwa juu ya rafu. Sikunyanyuka.

"Radhi ya kurudi kwenye barafu sikupi."

"Bibi, wajua siwezi kutoka hivi hivi."

"Nnajua."

"Wewe ndiye uliyenicheka! Ukawaonesha ukoo mzima!"

"Nilicheka. Na mlango huu huu nilikupitisha mie, kwa mikono yangu."

Nje dereva akapiga honi. Mjukuu wangu akashika ukuta, kizunguzungu kimemjia, na bado kainamisha kichwa, anangoja.

"Radhi ya kurudi kwenye barafu sikupi."