Mgomo wa Mtu Mmoja

Mimi ndiye muuguzi aliyegoma peke yake Nakuru nzima. Wenzangu wamenitania hivyo mpaka nimezoea, na siku hizi mgeni akija wadini kwetu, wadi ya akina mama wanaojifungua, namwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine.

Ilikuwa hivi. Chama chetu kilitoa notisi ya mgomo, siku zikapita, kaunti ikanyamaza, tukatoka. Kila asubuhi tulikutana langoni pa ofisi za kaunti na matawi ya miti na vuvuzela. Mmoja anaomba, tunaimba, tunagawana chai ya thamosi. Kisha Ijumaa jioni mahakama ya kazi ikatoa amri: mgomo usimame, watu warudi kazini Jumatatu, mazungumzo yaendelee. Katibu wa chama akaituma kwa grupu yetu ya simu. Sasa, kwetu hakuna grupu ya kazi tupu. Humo humo watu wanatuma maombi ya asubuhi, maua, picha za harusi na mchango wa matanga ya shangazi wa mtu usiyemjua. Mimi nilikuwa nimeizima sauti kitambo.

Jumatatu nikafika langoni na tawi langu la mti. Nikaanzisha wimbo. Hakuna aliyeitikia.

"Mathe, wenzako wako wapi?" askari wa lango akaniuliza.

"Wanakuja. Si unajua watu na kuchelewa."

Akaniletea kiti cha plastiki, Mungu ambariki. Nikakaa hapo na tawi mapajani mpaka jua likaanza kuchoma. Kuna mtu alinipiga picha kutoka dirisha la juu, nami nikampungia mkono nikidhani ni mwandishi wa habari. Mwishowe nikafungua ile grupu nitafute wamepotelea wapi. Nilipoisoma amri, nilitupa tawi pale pale nikapanda boda boda hadi hospitalini.

Picha ikanifuata, pamoja na barua: jieleze kwa nini usifutwe kazi kwa kukaidi amri ya mahakama. Kicheko kikaniisha. Ninalea watoto watatu peke yangu huko mtaani Free Area, na kazi hii ndiyo shamba, ndiyo mume, ndiyo kila kitu. Nililia katika choo cha wafanyakazi, nikanawa uso, nikalia tena.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Aligoma na wenzake kabla sijazaliwa, na waliporudi akasikia jina lake likisomwa langoni pamoja na waliofutwa. Hakuna aliyemwita ndani aseme lake. Hata uzeeni, mazungumzo yakigusa reli, alikuwa akisema, "Wangeniuliza tu." Alikuwa na jibu lake, maskini, na alikufa nalo.

Mimi niliulizwa, na kwa hilo nashukuru. Sheria yetu ya sasa inasema mwajiri hawezi kukufukuza kabla hajakuita, akakwambia kosa lako kwa lugha unayoielewa, akakusikiliza. Tena una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama. Zamani wakubwa waliyaona hayo kama mapambo. Lakini miaka ya karibuni mahakama zimekuwa zikiwarudisha kazini watumishi wa umma waliofutwa kwa hasira bila kusikilizwa, na sasa hata mkubwa mwenye kiburi anaogopa kuiruka hatua hiyo.

Haya, mwenzangu nimtoe wapi? Mwakilishi wa chama hospitalini alikuwa na barua yake mwenyewe ya kujieleza. Wale niliokuwa nikiimba nao, mmoja presha ilimpanda, mwingine akapata safari ya Naivasha, mwingine simu ikazima ghafla. Siwalaumu. Nawalaumu kidogo tu.

Aliyekuja hata sikumwomba. Ni muuguzi mdogo kwangu, wa mkataba, ambaye hakugoma hata siku moja. Sisi tukiimba nje, yeye alikuwa ndani akizalisha, na kwenye grupu walimwita majina nisiyoweza kuyaandika. Alinikuta nikibadilisha nguo akaniuliza kikao cha kunisikiliza ni lini.

"Nitakaa na wewe, sista."

"Unajua mwenyekiti wa kikao ndiye atakayeamua kama mkataba wako utaendelea?"

"Najua."

"Na wewe si hata mgomo hukuutaka?"

"Najua nilikuwa wapi, sista. Niambie saa."

Siku ya kikao nilivaa suti ya kanisani. Yeye alitoka zamu moja kwa moja, yunifomu imekunjamana, macho mekundu. Nikaeleza grupu, matanga, kiti cha plastiki. Mjumbe mmoja wa kikao alicheka akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia mwenzangu.

"Wewe ulibaki kazini mgomo wote na tulikushukuru. Mbona leo umekaa upande huo?"

Akainyoosha yunifomu yake kwa kiganja.

"Nilibaki kwa sababu kulikuwa na akina mama wadini," akasema. "Nimekuja hapa kwa sababu yuko peke yake. Siku hiyo ya picha aliingia wadini akikimbia, majani bado yako kwenye nywele. Alipokea mtoto kabla hajabadilisha viatu. Nilikuwepo."

Mimi mwenye kesi nilikuwa nimesahau kulisema hilo. Woga ulikuwa umelifuta kabisa kichwani.

Walituambia tungoje nje, kisha wakatuita: onyo la maandishi, rudi kazini. Kazi yangu nikabaki nayo. Mkataba wake nao uliongezwa baadaye, ila walimngojesha mpaka akakonda, na siku ya kikao hakuna aliyejua utaongezwa.

Tulipotoka alishuka ngazi kidogo, akakaa chini pale pale watu wakipita na mafaili yao. Nikakaa naye. Ndipo nikaona alivyokuwa ameogopa, pengine kuliko mimi. Nikafungua mdomo nimshukuru akanishika mkono.

"Usiseme asante, sista. Ukisema nitalia, na wakubwa bado wanapita hapa."

Kwa hivyo sikusema. Nilimshika tu mkono mpaka akainuka, tukaenda kutafuta chai. Mpaka leo akiniona naanza, ananikatiza. Ndiyo maana nimeiandika, maana karatasi hawezi kuikatiza. Asante, mwenzangu.